Wasifu wa Felisita Minza Masunga, Aliyewauliza Nyigu Ukoo Wao

(9 Septemba 1958 – 15 Januari 2025)

Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Josia Masunga, Ngulyati, Jumamosi tarehe 18 Januari 2025

Baba Paroko, viongozi, ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza dada yangu, nawasalimu, mwadila. Mtaona kwenye ratiba mliyopewa kwamba wasifu huu umekula ukurasa wa nyimbo. Katekista alinishauri niupunguze. Nilimwambia nyimbo mnazijua kwa kichwa, lakini haya hamyajui, au mnayajua nusu, na nusu yenyewe mliipata kwangu ikiwa na uongo ndani yake. Marehemu ndiye aliyeniagiza niyasome yote mbele yenu, na aliniagiza akiwa na akili timamu. Mahindi yenu sasa hivi yamefika magotini. Kama yatafika kichwani au hayatafika, jambo hilo limo humu, kwa hiyo naombeni mkae mtulie na mwenye simu aizime.

Dada yetu Felisita Minza alizaliwa Jumanne tarehe 9 Septemba 1958 hapa hapa Ngulyati, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Masunga Machibya na marehemu mama yetu Nyanjige. Alibatizwa mwaka uliofuata na kupewa jina la Felisita. Wawili waliomtangulia walikwisha kufariki, na mimi ndiye kitinda mimba. Alinibeba mgongoni, alinifundisha kuhesabu ndama, na alinichapa pia, sitaficha.

Mwaka 1968, yeye akiwa na miaka kumi na mimi minne, alitumwa kupalilia pamba akarudi na kiwavi juu ya jani. Mgongoni mwa kiwavi huyo kulikuwa na vitu vyeupe vimesimama, vingi, mithili ya punje za mchele. Alimweka ndani ya kibuyu cha samli cha mama. Mimi na njaa zangu nikachungulia, nikachomoa punje mbili nikala. Baada ya siku tatu kibuyu kilijaa vidudu vyeusi vyenye viuno vyembamba, na kiwavi alikuwa amebaki ngozi. Mama alipiga kelele: "Minza, umeleta nini ndani ya nyumba yangu?" Naye akajibu kwa furaha, "Mayu, hawa walikuwa wanaishi ndani ya mwili wake!" Wenzangu, nililia siku mbili nikingoja watoke tumboni mwangu. Kisa hicho dada alikisimulia kwenye harusi yake, kwenye sherehe ya kustaafu kwake, na hata kwa Baba Paroko huyu hapa. Mnaona anavyocheka.

Alisoma Shule ya Msingi Ngulyati kuanzia 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya wasichana huko Mwanza kuanzia 1974 hadi 1977. Alipomaliza kidato cha nne, ukoo mmoja ulikuja kwa baba na ng'ombe ishirini na wawili, wazuri, na wajomba wakasema binti amekwisha kusoma vya kutosha. Baba aliwatazama wale ng'ombe asubuhi nzima, halafu akawarudisha. Mwaka 1978 dada akaingia chuo cha kilimo, akahitimu 1980. Huko ndiko alikoinamia hadubini kwa mara ya kwanza, na tangu hapo mgongo wake haukunyooka vizuri tena.

Kazi yake wengi wenu hamkuielewa, na mimi nilijifanya naielewa. Wapo nyigu wadogo sana, wengine hawafiki hata chembe ya chumvi, wasiomwuma mtu. Hao hutaga mayai yao ndani ya wadudu wengine, na watoto wao humla mwenye nyumba akiwa hai. Mkulima anawahitaji kuliko anavyohitaji dawa ya kupuliza. Tabu ni kwamba jenasi zao, yaani koo zao, zinafanana mno kwa macho matupu. Mmoja anaokoa shamba, mwingine anayefanana naye analiangamiza, na tofauti yao iko kwenye idadi ya pingili za papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, kwenye mshipa wa bawa, au kwenye mwiba wa mguuni. Kazi ya dada ilikuwa kutofautisha.

Alikuwa na namna yake ya kuwafundisha vijana wa maabara. Aliwaambia, mnajua sisi Wasukuma tukikutana njiani hatuishii kwenye salamu, tunaulizana, "Ng'wa nani?" Wewe ni wa nani, baba yako nani, mmetoka wapi, mpaka tujue tunaongea na nani. Basi nyigu naye umsalimie hivyo hivyo. Muulize papasi, muulize kiuno, muulize bawa, muulize mguu, kwa utaratibu huo huo, na usimwache aende kabla hajakutajia ukoo wake. Alisema anayeruka hatua moja ya salamu atalala na mwizi.

Aliajiriwa mwezi Agosti 1980 kwenye kituo kidogo cha utafiti wa pamba upande wa Maswa, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minane hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2018. Walikuwa wakimletea vidudu kwenye chupa kutoka mikoa mitano. Alikuwa na sheria moja ambayo hata mkurugenzi hakuthubutu kuivunja: nyigu yeyote aliyeletwa kwa ajili ya kuachiliwa mashambani, kwanza baadhi ya vifuko vyake, zile punje nyeupe anamojifungia kabla ya kuota mabawa, viwekwe kwenye chupa, chupa ifungwe kwa kitambaa chepesi, ingojewe siku saba, na watakaotoka waulizwe ukoo mmoja mmoja. Mgeni mmoja alikuja na boksi lenye lebo nzuri ya kuchapishwa, akasema yeye hana siku saba. Dada alimjibu, "Mzee wangu, lebo imeandikwa na mtu." Mgeni alingoja siku zote saba, na kila siku dada alimpikia ugali wa mtama.

Jumamosi tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Danford Nyanda wa Ipililo. Waliishi Binza, wakajaliwa watoto wawili, Joyness na Paschal. Shemeji yangu alikuwa mpole kupita kiasi. Kila shati lake jeupe lililoanza kuchakaa lilikatwa kuwa vitambaa vya chupa, na wakati mwingine halikungoja kuchakaa. Aliwahi kuniambia, "Josia, nimeoa mwanamke mmoja na nyigu elfu kumi." Mwalimu Danford alifariki tarehe 3 Mei 2011. Dada alipostaafu alirudi hapa Ngulyati, akajenga kwenye kiwanja cha baba, akaja na hadubini ya zamani aliyopewa kazini kama zawadi, na chupa zake zipatazo mia tatu. Zile chupa ndizo zilizoanza kumletea maneno.

Mwaka 2019 madaktari walimkuta na presha ya macho. Miaka yote ile ya kuinamia kioo, na sasa dunia ilianza kumfungia pembeni kidogo kidogo. Dawa za matone zilimfanya macho yawe mekundu. Macho mekundu kwa mama mjane mwenye chupa ndani, katika nchi yetu hii, mnajua maana yake. Msiangalie chini, mnajua. Nami nilijua, nikanyamaza.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwishoni mwa 2023 ulikuja mradi, ambao leo sitautaja jina kwa kuwa hapa ni msibani. Kikundi chetu cha wakulima, ambacho mimi ni mwenyekiti wake, kiliahidiwa nyigu wa kuua bungua, yule funza anayetoboa bua la mahindi na mtama. Nyigu mwenyewe anaitwa Cotesia, ndiye yule yule wa punje nyeupe nilizokula utotoni, au ndugu yake. Anamchoma bungua ndani ya bua, watoto wake wanamla, wanatoka na kujifungia kwenye vifuko vyeupe, na baada ya siku sita au saba nyigu wapya wanaruka. Tulikuwa nao wa asili hapa, dada alikwisha kutuonyesha. Mradi ulisema watatuongezea wengine kwa maboksi.

Maboksi yalipofika Januari 2024, dada aliniita. Aliniambia, "Josia, ngojeni siku saba. Wekeni vichache kwenye chupa." Nikamwambia wageni wanakuja kesho kutwa kuzindua, ngoma imeshaalikwa, nguo za kikundi zimeshashonwa. Akasema, "Basi angalau hili. Vifuko vitakavyokuwa havijapasuka baada ya wiki, vichome moto. Rafiki yetu hachelewi. Anayechelewa ni mwingine." Nilimjibu maneno ambayo nitayabeba mpaka kaburini kwangu. Nilimwambia, "Dada, wewe macho yamekwisha. Waachie wenye macho."

Tukatia vifuko kwenye vikombe, tukavitundika mashambani, ngoma ikapigwa, picha zikapigwa. Wiki ikapita, na vifuko vingi vilikuwa bado vimefungwa. Mkaja kuniuliza tufanye nini. Mimi, Josia Masunga, mfugaji mtoto wa mfugaji, nilisimama mbele yenu pale ofisini nikasema kwamba ndama aliyekaa sana tumboni huzaliwa na nguvu. Nikasema hawa waliochelewa ndio madume yenyewe. Nikawaambia mvikusanye mvipeleke kwenye mashamba yaliyo bora kuliko yote, mvifunike na majani visipigwe na jua. Mkanipigia makofi. Nani hakunipigia makofi siku ile?

Mwezi Machi dada alishikwa mkono na Joyness, wakazunguka mashamba matano, wakipasua mabua. Joyness alikuwa akitazama, mama anauliza. Vifuko vyeupe walivikuta, lakini karibu vyote vilikuwa vimetobolewa ubavuni, tundu lenye kingo mbaya kama limetafunwa. Nyigu mwema hutoka kwa kukata kifuniko safi cha mviringo kichwani mwa kifuko, ndivyo dada alivyonieleza baadaye. Tundu la ubavuni ni la muuaji aliyetumbukizwa humo na mama yake, akamla mwenye kifuko akiwa amelala. Bungua walibaki bila adui. Mavuno ya 2024 mliyaona wenyewe. Bua likiguswa linaanguka, na ndani unga mtupu wa kinyesi cha funza. Wapo humu waliovuna debe mbili kwenye ekari nzima, na watoto wao wakalala na uji.

Dada aliitisha mkutano aeleze. Walikuja watu wanne, na mmoja alikuwa amelewa. Badala yake maneno yakageuka. Mzee mmoja alisimama kwenye kikao cha kikundi akasema, huyu mama mwenye macho mekundu ndiye aliyezunguka na binti yake akipasua mabua, na kila alikopita shamba limekufa. Akauliza, "Mwenyekiti, dada yako anafuga nini mle ndani?" Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa mdomoni. Kama ningelisema, ningekiri kwamba wale madume wangu ndio waliotumaliza. Nikasema tuendelee na ajenda.

Kuanzia siku hiyo watu waliacha kumwitikia salamu. Anasimama mlangoni, anasikia nyayo, anasema "Mwangaluka," na nyayo zinapita kimya. Siku moja mwezi wa Agosti alikuta wanaume watano wameketi uani kwake, kwenye magogo. Hawakubisha hodi, hawakusema walichofuata. Yeye aliwasikia kwa pumzi tu. Aliingia ndani akatoa maji ya kunywa, akayaweka chini karibu nao, akarudi jikoni. Walikaa mpaka jua likawa kali, wakaondoka. Maji hawakuyagusa. Alinihadithia bila kulia, akaniigizia kikohozi cha mmoja wao, na akaniuliza kama ninamjua. Nilimjua. Yupo hapa leo, amesaidia kuchimba kaburi, na ninamshukuru kwa hilo na bado nina hasira naye.

Mwezi Oktoba 2024 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa analala ameegemea mito mitatu. Madaktari na wauguzi mjini Bariadi walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru. Aliruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya Krismasi.

Jumatatu tarehe 6 Januari mwaka huu maboksi mengine yalifika. Niliyapokea mimi, nikayaweka ghalani ndani ya deli la barafu ili vifuko visiharakishe, mpaka uzinduzi wa Jumatatu ijayo. Nilijipa moyo kwamba ya mwaka huu ni salama, na sikumwambia dada. Paschal ndiye aliyemwambia. Dada akanitumia mtu: "Mwambie Josia aniletee vifuko sitini, na aje mwenyewe." Nilifungua boksi moja, nikavitoa, nikampelekea. Akavitia kwenye chupa, akafunga kwa kipande cha shati la marehemu Mwalimu, akaiweka chumbani kwake penye joto.

Jumapili tarehe 12, baada ya misa, aliniita tena. Chupani walikuwa wametoka wachache. Aliniambia niweke hadubini dirishani penye mwanga mzuri, na niweke mmoja wa wale wadogo weusi chini ya kioo. Yeye alibaki kitandani, amefumba macho.

"Umemwona?"

"Namwona. Mweusi."

"Sijakuuliza rangi, rangi inadanganya. Papasi zikoje?"

"Zimekunjika, kama kiwiko."

"Hesabu pingili."

Nikahesabu, nikapotea, nikaanza upya. "Kumi."

"Rafiki yetu ana kumi na nane, na hazikunjiki. Bawa?"

"Tupu. Halina mishipa ya maana. Kuna mstari mmoja mweusi pembeni na kimkia kilichopinda, basi."

"Mwili je? Mpana, au amebanwa?"

"Amebanwa ubavuni, kama aliyeminywa kwa vidole viwili."

Nilisikia pumzi yake inavyokwaruza. Kisha akasema polepole, "Mguu wa mbele, Josia. Pale mwishoni mwa muundi, kabla ya wayo. Kuna mwiba. Ni mmoja au miwili?"

Nilitazama muda mrefu. Jasho lilinidondokea kwenye kioo nikalifuta. Nilitamani sana uwe mmoja.

"Miwili, dada."

"Tazama tena."

"Ni miwili."

"Aphanogmus," alisema. "Amenitajia ukoo wake. Huyo ndiye anayetoboa kifuko na kumla rafiki yetu humo ndani. Wangapi wametoka?"

Tuliwahesabu. Rafiki zetu walikuwa tisa. Wale wengine wanne. Vifuko arobaini na saba vilikuwa bado vimefungwa. Akasema rafiki angekuwa ameshatoka, hivyo arobaini na saba hao ni wa yule yule, wamechelewa tu. Mwaka jana tulikuwa na mbegu ya nyigu wa asili iliyobaki kwenye majani ya mtoni. Hao Aphanogmus wakiachiliwa tena mwaka huu, alisema, hatabaki rafiki hata mmoja wa kuanzia, na tutakaa na bungua miaka mingi bila dawa ya kutosha kuwamaliza.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Nilimwambia yote, pamoja na kile kikao nilichonyamaza. Alinishika kichwa. Akasema, "Mimi nilishajua. Usiniombe mimi, waombe wenye mahindi." Nikamwambia nitaitisha mkutano. Akacheka, dada yangu, kicheko cha kukatika katika. "Mkutano watakuja wanne. Kwenye mazishi yangu watakuja wote, hata walioninyima salamu. Uwaambie siku hiyo. Andika sasa, nikutajie na tarehe, maana wewe tarehe huziwezi." Ndiyo maana tarehe za wasifu huu ni sahihi.

Alifariki Jumatano tarehe 15 Januari 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, Joyness akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Hayo ndiyo yaliyochapwa kwenye karatasi mliyo nayo. Yanayofuata nimeyaandika kwa mkono leo asubuhi.

Jumanne niliwaambia wajumbe wa kikundi kwamba maboksi nitayachoma na uzinduzi haupo. Wengine hawakupenda, nikawaelewa, mtu aliyevuna debe mbili hawezi kufurahi akisikia msaada unachomwa. Jumatano alfajiri nilibadilisha barafu, nikayahesabu, yalikuwa ishirini. Halafu dada akafariki, nikashikwa na mambo ya msiba. Jana Ijumaa jioni nilikwenda ghalani kuyatoa. Kufuli lilikuwa zima, maana yake aliyeingia alikuwa na ufunguo. Ndani ya deli kulikuwa na maboksi kumi na tisa. Hayo nimeyachoma kwenye shimo nyuma ya ghala mbele ya mtendaji wa kijiji, yamekwisha kuwa majivu.

Lililokosekana ni lile nililolifungua kumtolea dada vifuko sitini. Halina tena gundi ya kulifunga. Tangu lilipotoka kwenye barafu liko kwenye joto la nyumba ya mtu, na vifuko vilivyomo ni mia kadhaa. Kwa hesabu ya dada wanaweza kuanza kutoka leo, kesho, au wameshaanza. Hawana kelele. Hutawaona wakitoka dirishani.

Aliyelichukua, najua hukulichukua kwa ubaya. Ulisikia mwenyekiti anayachoma ukaona uokoe la shamba lako. Tena pengine ukakumbuka yale niliyowafundisha mwenyewe, kwamba waliochelewa ndio wenye nguvu. Niliwadanganya. Sikukusudia, lakini niliwadanganya, na aliyejua ukweli tulimnyima salamu mpaka akafa. Nawaombeni msamaha wote, mbele ya jeneza hili. Uenyekiti nimekwisha kuuandikia barua ya kujiuzulu. Adhabu yoyote mtakayonipa nitaipokea, ila isiwe leo.

Leo nataka boksi. Usilifungue kuchungulia. Lifunge kwenye nailoni, mara mbili, ulilete kwenye lile shimo nyuma ya ghala, moto haujazimwa. Kama unaogopa kuonekana, tuma mtoto, au litupe tu motoni uondoke, sitasimama pale kutazama. Na kama limeshafunguka, usione aibu, njoo uniambie ni shamba lipi, ili tung'oe na kuchoma mabua ya upande huo kabla hawajafika mtoni. Upande mmoja tukiupoteza, tutavumilia. Mtoni tukipapoteza, hapana.

Marehemu Felisita Minza ameacha watoto wawili, Joyness na Paschal, wajukuu watano, mdogo wake mmoja ambaye hakumsikiliza, na boksi moja mikononi mwa mmoja wetu tuliopo hapa.

Bwana ampe dada yetu pumziko lenye amani. Mwenye boksi, tutakapomaliza kufukia, nakuomba utangulie wewe kuondoka.